Mlango wa Nyuma wa Gari la Mwalimu

"Cheusi hakimfichi mfutaji." Leo mmemsikia bibi yenu akiisema, mkacheka, kisha mkaja kuniuliza imetoka wapi. Mmefika penyewe. Methali nyingi hazijulikani zilizaliwa siku gani wala zilimlenga nani, lakini hii naijua siku yake na mahali pake, maana ilisemwa kwa ajili yangu, watu wamesimama wananitazama. Kaeni niwaeleze.

Wakati huo tulikaa Singida, jirani na mashine yangu ya kukamua alizeti. Nyumba ya pili kutoka kwetu aliishi Mwalimu Mkumbo, mgane aliyekuwa amestaafu. Alikuwa na gari dogo jeusi alilolinunua kwa kiinua mgongo chake. Nasema lilikuwa lake kwa sababu kadi ilikuwa na jina lake. Vinginevyo lilikuwa la mtaa mzima. Mwenye mgonjwa alikwenda kubisha hodi kwa Mwalimu. Mwenye mama mzee wa kupokea stendi, vivyo hivyo. Mwalimu hakuuliza mambo mengi. Alisema, "Haya, twende," akachukua ufunguo.

Mama yenu Dorika alizaliwa ndani ya gari hilo, saa saba mchana, mvua inanyesha, kabla hatujafika hospitali. Tulipofika, wauguzi wakamchukua bibi yenu na mtoto. Mimi nikatafuta ndoo, nikatoka nje nisafishe kiti cha nyuma. Nikamkuta Mwalimu amekunja suruali, anakisugua mwenyewe. Nikamwomba aniachie. Akakataa.

"Kiti ni changu, Sungi," akasema. "Walio wako wako ndani. Nenda."

Sikupata neno la kumjibu siku ile. Miaka kumi na minne ikapita, na neno lenyewe nilikuwa bado sijalipata.

Katika miaka hiyo macho ya Mwalimu yakaanza kuingia ukungu. Ilikuwa ni mtoto wa jicho. Mwaka wa mwisho hakuendesha tena. Majirani tuliendesha kwa zamu, yeye akikaa kando yetu na kutuhimiza twende polepole. Na gari likachakaa mikononi mwetu. Vumbi la Singida mnalijua, na upepo wake mnaujua. Kila aliyeendesha aliokota kitambaa kilichokuwa karibu, akalifuta vumbi kavu, akaridhika. Rangi ikafifia ikawa kama ya masizi. Jua likipiga boneti uliona mikwaruzo myembamba imezungukana kama utando wa buibui. Mwalimu hakuiona.

Ndipo watoto wake wakamwita Dodoma akafanyiwe upasuaji wa macho. Angekaa huko siku kumi. Alipoondoka, Bi Zuhura akatuita uani kwa Mwalimu.

Bi Zuhura alikuwa amefanya kazi ya kung'arisha makabati na meza kwa seremala kwa miaka mingi, na vidole vyake vilijua mambo ambayo macho yetu hayakuyajua. Akatuambia, "Huyu mzee hatujawahi kumpa asante inayolingana naye. Gari lake tumelikwaruza sisi wenyewe. Akirudi alikute kama siku aliyolinunua."

Tukasema hewala. Akagawa sehemu. Boneti na paa akachukua yeye. Mama Kiula, aliyekuwa na mgahawa wa chai na chapati, akapewa mlango wa mbele. Wengine wakapewa buti na madigadi. Mimi nikaomba mlango wa nyuma wa kushoto, kwa sababu bibi yenu aliingilia mlango huo akiwa mmoja, akatokea mlango huo wakiwa wawili.

Bi Zuhura akatufundisha. Kwanza maji mengi, kuanzia juu kushuka chini, ili mchanga uondoke bila kusuguliwa. Ndoo mbili: moja ya sabuni, nyingine ya kusuuzia kitambaa. Gari likae kivulini, bati lipoe. Kisha dawa ya kusugulia, kidogo tu, kwenye kitambaa laini cha pamba, na usisugue eneo kubwa kuliko sahani. Ukimaliza hapo, futa, tazama kwa upande, ndipo usogee. Mwisho unapaka nta, nyembamba kama pumzi kwenye kioo, unaiacha ikauke, unaifuta kwa kitambaa kingine kisafi. Kitambaa kikianguka chini hata mara moja, hakirudi kwenye gari.

"Jeupe lina huruma," akatuambia. "Litakufichia. Jeusi halina huruma. Na mtu asiniletee mafuta ya aina yoyote. Mafuta yanang'aa leo, kesho yanakula vumbi."

Mlango mmoja kwa mkono, kwa namna hiyo, ulihitaji siku tatu.

Sasa, ulikuwa msimu wa alizeti. Watu walipanga magunia mbele ya mashine yangu tangu asubuhi, wengine wametoka vijiji vya mbali na mikokoteni. Mama Kiula alikwenda kwenye mlango wake kila alipofunga mgahawa. Bi Zuhura alikuwa hapo kila siku, amejifunga kanga kiunoni, kimya, sahani baada ya sahani. Mimi nilisema kesho. Kesho ikaja na magunia mengine. Nikabaki na alasiri moja tu, na kesho yake asubuhi Mwalimu anarudi.

Nikaenda. Nikauosha mlango harakaharaka, nikausugua kwa nguvu nikidhani nguvu itafidia siku zilizopotea, na kwa kitambaa cha gunia la mashineni. Mikwaruzo ikazidi. Nikatazama huku na huku. Nikarudi mashineni, nikachota mafuta ya alizeti kwenye kikombe, nikayapaka mlango mzima. Mara ukang'aa! Ukang'aa kuliko boneti ya Bi Zuhura.

Bibi yenu alikuwa amekuja kuniita chakula. Akasimama, akautazama.

"Baba Dorika," akaniuliza, "huo ni mlango au ni andazi?"

"Unang'aa," nikamjibu.

"Nauona."

"Basi yatosha. Mwalimu mwenyewe haoni."

Akageuka akaenda zake, na chakula siku hiyo nilikula peke yangu. Wanangu, maneno yale, "Mwalimu mwenyewe haoni," ndiyo ninayoyajutia. Mafuta yanaoshwa.

Asubuhi Bi Zuhura akampokea stendi kwa bajaji. Sisi tukalisukuma gari kutoka kivulini, tukaliweka uani juani, tukasimama kando kama watoto wanaosubiri matokeo. Mwalimu akashuka. Alikuwa amevaa miwani myeusi ya hospitali. Akatusalimia mmoja mmoja kwa majina kabla hatujafungua vinywa, nami nikautupia jicho mlango wangu. Hapo zamani alitujua kwa sauti, nami sikudhani upasuaji ungemrudishia macho upesi hivyo.

"Mnaona ajabu?" akacheka. "Mimi pia. Mama Kiula, kumbe umeota mvi!"

Kisha akaliona gari. Akavua miwani, akaishika mkononi, akalikaribia. Kwenye mng'aro wa boneti uso wake ulionekana wote, na mawingu nyuma yake. Akajitazama muda mrefu.

"Hili ni langu?"

"Ni lako, Mwalimu," Bi Zuhura akasema. "Tumekurudishia."

Akapitisha kiganja juu ya boneti. "Nimesahihisha madaftari miaka thelathini na mbili. Hata mtoto asipoandika jina, mwandiko wake ulinitajia. Hapa pana mwandiko wako, Zuhura. Mkono umekwenda na kurudi kwenye njia moja, hakuna alama hata moja." Akasogea mlango wa mbele, akainama kwa upande. "Na huyu anasugua masufuria. Kazungusha, kazungusha."

"Ni mimi, Mwalimu!" Mama Kiula akapiga kelele, na watu wote wakacheka, naye Mwalimu akacheka huku anapangusa machozi, ingawa aliambiwa asiyaguse macho.

Akazunguka upande wa pili. Akafika kwenye mlango wangu.

Upepo wa usiku ulikuwa umefanya kazi yake. Vumbi lilikuwa limenata kwenye mafuta kama unga kwenye mkono uliotoka kukanda. Nzi mdogo alikuwa amenasa karibu na kitasa. Palipobaki mafuta matupu jua liliingia, likaionyesha mikwaruzo yote, ya zamani na ya jana. Mwalimu akagusa kwa kidole, akakinusa.

"Alizeti," akasema.

Hakuna aliyecheka. Walionifahamu waliangalia chini. Mashine ya alizeti mtaani ilikuwa moja tu.

Nikasogea mbele. "Ni mimi, Mwalimu."

"Sungi."

"Naam."

"Foleni ilikuwa kubwa?"

Alikuwa ananipa mlango wa kutokea, nami nilitamani kuupita. Lakini nikamwona bibi yenu amesimama pembeni na Dorika, nikashindwa.

"Foleni ilikuwa kubwa," nikasema, "lakini si foleni. Nilisema moyoni kwamba huoni. Ndiyo maana nikapaka mafuta."

Mwalimu akanitazama. Yalikuwa macho mapya, ya mtu anayekuona kweli, na yalinichoma kuliko tusi.

"Mwaka jana ningepita tu," akasema taratibu. "Ningekushukuru, na ningekuwa nimekushukuru kwa mafuta. Afadhali leo. Cheusi hakimfichi mfutaji, Sungi. Kesho uje. Nitatoa kiti nikae hapa. Nimepewa macho, nataka niyatumie kutazama mtu akifanya kazi."

Kesho yake niliifunga mashine. Wenye magunia wakalalamika. Nikawaambia ukweli, wengine wakaniacha, wengine wakasubiri. Nikauosha mlango mara tatu mpaka maji yakaacha kuteleza juu ya mafuta. Bi Zuhura akanipa kitambaa na dawa, akaniachia. Mwalimu akaketi na kofia yake pana, kikombe cha chai mkononi. Nikaanza, sahani moja, nyingine. Mkono ulikwenda na kurudi. Siku ya kwanza hatukuzungumza sana. Siku ya pili, nikiwa nimeinama karibu na kitasa, nikasikia mdomo wangu unasema wenyewe:

"Mwalimu, siku ile ya mvua ulisafisha damu ya mke wangu kwa mikono yako. Sijakuambia asante."

"Hujaniambia," akakubali.

"Asante, Mwalimu."

"Haya," akasema. Baada ya muda akaongeza, "Nilifurahi sana siku ile. Mke wangu alikuwa amefariki miezi miwili nyuma. Nilikuwa nimechoka kukitumia kiti kile kubebea huzuni. Nikasema, acha nikisafishe mwenyewe, leo kimebeba mtoto."

Nikaendelea kusugua. Sikuweza kumtazama, naye hakunitaka nimtazame. Hadi siku hiyo nilijua kwamba alinifanyia wema. Sikujua kwamba nasi tulimfanyia.

Siku ya tatu nikapaka nta, nikaiacha ikauke, nikaifuta. Tukalisukuma gari juani, tukautazama mlango kwa upande: haukuwa na alama hata moja.

Mtaani hawakuniacha upesi. Kwa miezi kadhaa mtu akinunua mafuta kwangu aliniuliza kama ni ya kupikia au ya mlango. Mama Kiula akimwona msichana wake ameacha masizi kwenye sufuria, alimwambia, "Cheusi hakimfichi mfutaji." Wapita njia waliokunywa chai pale wakaichukua, wakaipeleka kwao. Kwa muda mrefu watu waliitumia kumsuta mvivu tu, na wengi hata leo wanaijua nusu hiyo.

Lakini mimi niliisikia mara ya pili kwa Mwalimu mwenyewe. Mwaka uliofuata alitembelewa na mkaguzi wa shule wa zamani, rafiki yake. Mgeni akalizunguka gari, akasimama kwenye mlango wa nyuma wa kushoto, akajiona mle kama katika maji yaliyotulia. Akauliza ni fundi gani wa mjini aliyelifanyia kazi. Mimi nilikuwa nimeleta dumu la mafuta, nipo mlangoni, nikataka kuondoka.

Mwalimu akanishika mkono, huu hapa, wenye makovu ya mashine, akauinua mgeni auone.

"Si fundi wa mjini," akasema. "Ni huyu jirani yangu. Cheusi hakimfichi mfutaji."