Bi Chimbua Akataa Kubingirisha

Paukwa!

Pakawa!

Aliyelala alale, aliye macho asikie.

Hapo zamani za kale, nyikani, waliishi dundu wa mavi ya tembo. Tembo akidondosha, puu! wao mbio. Wote walibingirisha. Kila mmoja alifinyanga donge, akalisukuma mbali kwa miguu ya nyuma, akalifukia, na jike akataga yai ndani yake.

Lakini dundu mmoja jike aliporwa donge kila alipolifinyanga. Akachoka. Akachimba papo hapo, chini ya rundo la mavi, akataga humo. Watoto wake wakachimba. Wajukuu wakachimba. Waliozaliwa na miguu mifupi minene walichimba vizuri zaidi, wakazaa wengi zaidi. Vizazi vikapita, ukoo ule ukawa dundu wa aina nyingine kabisa. Humo akazaliwa Bi Chimbua.

Siku moja alikuwa na mayai, na mayai hayangoji. Puu! Tembo akadondosha. Bi Chimbua akafika. Bwana Bingiri, mkubwa wa wabingirishaji, akamzuia.

"Wewe, miguu mifupi! Kuanzia leo hapa ni kubingirisha tu. Hubingirishi, huchukui."

"Nina mayai, shemeji. Nipishe."

"Bingirisha kwanza!"

"Sibingirishi."

"Mbona sisi wote tunabingirisha?"

"Ndiyo maana mnapigana kila siku. Mimi sibingirishi!"

Akainama. Chu, chu, chu, akazama.

"Mtoeni!" Bingiri akafoka. Nani amtoe? Wenzake walikuwa wanaporana madonge. Akamfuata mwenyewe, kichwa mbele. Miguu yake mirefu ikakwama. Mbele haendi, nyuma harudi.

"Dada! Dada, nisukume!"

"Sasa nimekuwa dada? Subiri, nataga."

Akataga moja. Akalifunika kwa mavi laini. Akataga jingine, akafunika, bila haraka, mpaka akamaliza yote. Ndipo akamsukuma, pwaa! hadi nje. Bingiri akatazama huku na huku. Donge lake aliloliacha nje limeshaondoka na mwenzake.

"Nyinyi chukueni juu," alisema Bi Chimbua. "Chini ni kwangu. Kesho nachimba tena, na ukinizuia nachimba hapo hapo uliposimama."

Mpaka leo rundo moja lina wa juu na wa chini, na hakuna aliyemmaliza mwenzake.

Basi, wadogo kwa wakubwa: anayeishi kwa njia yake hajakunyang'anya yako. Mkilazimishwa wote kufanana, mtagombea kitu kimoja mpaka muishe. Atakayekulazimisha, mkatalie.

Hadithi yangu imekomea hapo.