Podo la Bwana Chui

Hapo zamani za kale, wajukuu zangu, Chui alipokuwa na nyumba ya bati na Fisi akikaa chumba cha uani, wanyama wa kijiji kimoja waliapa: uliyekula kwake ni jirani yako, na jirani haliwi. Basi wakubwa wala nyama wakala kambare na kumbikumbi, wakavumilia.

Digidigi alikuwa mjane, nyumba yake ukuta kwa ukuta na ya Chui. Asubuhi moja alikuwa kibarazani akipeta mchele, akasikia ting! ting! Chui alikuwa akijaribu ugwe wa upinde mpya.

"Safari ya wapi, jirani?"

"Ng'ambo ya mto," Chui akajibu. "Mimi na Fisi tunakwenda kuwinda. Kule hatujaapa na mtu."

"Nasikia digidigi wa kule wamenona," Fisi akadakia, mate yakimdondoka. "Samahani, bibi."

Digidigi akauweka ungo chini. Binti yake, Mwanahidi, ameolewa huko huko ng'ambo, na amejifungua juzijuzi tu. Mtoto hata arobaini hajatimiza. Digidigi alitamani kulia, lakini machozi hayajawahi kuvunja upinde. Akayameza.

"Mmejiandaaje?"

"Podo limejaa mishale, tena ya chuma," Chui akasema.

"Vizuri. Na mmeshaaga?"

Chui akakuna kichwa. Hawakuwa wameaga. Nanyi mnajua, asiyeaga ataombewa kheri na nani? Basi wakaenda nyumba kwa nyumba, Digidigi mbele.

"Hodi! Bwana Chui anavuka mto. Mwenye ndugu ng'ambo alete mzigo."

Wacha mizigo ije! Nungunungu akaleta makopa ya shangazi yake. Kwale akaleta kofia ya mjukuu. Sungura akaleta karanga za wakwe, nyingi kuliko upendo wake kwao.

"Podo limejaa," Chui akalalama.

"Toa mshale mmoja tu, jirani. Mzee wa watu asirudi na karanga zake."

Akatoa mmoja, akatoa mwingine. Angekataaje? Tangu azaliwe hakuna aliyempa Chui kitu amshikie. Kila alipopokea mzigo alitunisha kifua na kusema, "Amana yako itafika."

"Tunakwenda kuwinda au tunahamisha kijiji?" Fisi akanung'unika.

Mwisho Digidigi akatoa kanga mpya na pilipili manga ya uji wa mzazi.

"Mpe Mwanahidi mkononi. Na akikukaribisha chakula, usikatae. Mzazi akikataliwa chakula chake huvunjika moyo."

"Nitakula. Naapa," Chui akasema.

Wakaondoka. Podoni ulibaki mshale mmoja.

Digidigi hakulala vizuri siku zile. Alipika, hakula. Je, Chui akisahau? Je, Fisi akishindwa na tumbo lake? Kila jioni alisimama mlangoni akiitazama njia, masikio wima.

Walirudi wakitembea polepole, matumbo mbele. Digidigi akalitazama podo kwanza. Halikuwa na damu. Akakaa kizingitini.

"Umenichezea, bibi," Chui akasema. "Kila nilipobisha hodi, karibu. Kila karibu, sahani. Nilipokuja kuvuta upinde, namwangalia ninayemlenga, kumbe ni yule aliyenipakulia wali jana. Nikamwamkia."

"Mimi nililenga nyumba ya mwisho kabisa," Fisi akasema kwa huzuni. "Kisha nikakumbuka hapo nilikaribishwa makopa, nikayala. Mara mbili."

"Poleni sana, jirani zangu."

"Ulijua," Chui akasema.

"Nilijua mna adabu."

Chui akaingiza mkono podoni, akatoa kifurushi kilichofungwa kwa upole, fundo lake halijaguswa.

"Amana yako, kutoka kwa Mwanahidi. Anakusalimu. Mtoto ni wa kike, wamempa jina lako." Sauti ikamshuka. "Nilimpakata. Kucha nilizificha zote. Akalala."

Hapo ndipo Digidigi akalia, yale machozi aliyoyameza kibarazani, na Chui akamshika bega.

"Nitarudi arobaini yake ikifika," Chui akasema. "Kama kuna mzigo, andaa."

"Na upinde?"

"Nitauacha. Utajaza bure nafasi ya mizigo."

Nami amana yangu nimewafikishia, wajukuu zangu: ulipokula, usielekeze mshale.