Alama Arobaini za Mpini

Paukwa!

Pakawa!

Sogeeni, wanangu, mkubwa ampakate mdogo. Hapo kale, kale ya bibi wa bibi yangu, palikuwa na kijiji cha wachimba visima. Walichimba ti! ti! ti! Kisima kikitoa maji, mchimbaji alichonga alama moja kwenye mpini wa jembe lake.

Desturi yao ilikuwa hii: anayeshuka kisimani hupewa chakula. Asiyeshuka, hapewi. Basi wazee walishuka. Magoti yanauma, wanashuka. Macho hayaoni, wanashuka.

Mzee Shomvi alikuwa na nguvu kuliko wote. Siku moja yeye yuko juu, ameshika kamba, mzee mwenzake, rafiki yake Kibwana, yuko chini, kamba hiyo kiunoni. Ti! ti! Kisha kimya. Kamba ikatetemeka.

"Kibwana, umechoka?"

"Nichoke mimi? Uchoke wewe, kichwa kama kibuyu!"

Shomvi akacheka. Lakini kamba ikazidi kutetemeka. Akaita watu, wakavuta, hee-ya! hee-ya! Kibwana akatoka amelegea kama nguo iliyoloa.

"Kamba imechakaa," Shomvi akawaambia watu. "Ndiyo maana nimemtoa."

Kamba ilikuwa mpya.

Kesho yake, mbele ya kijiji kizima, Shomvi akalaza jembe lake chini.

"Mpini huu una alama arobaini. Sishuki tena. Na kila atakayefika arobaini asishuke, awe na nguvu, asiwe na nguvu. Chakula apewe vilevile."

Vijana wakapiga kelele. "Babu, wewe unatushinda sote! Uache kwa nini?"

"Nikishuka mimi, mwenzangu ataona haya kubaki juu."

Kibwana akapapasa mpini wake. Moja, mbili, tatu... arobaini na tatu. Akalaza jembe lake kando ya lile la Shomvi. Machozi yakamtoka.

Wanaume wakabishana. Bi Mwaka, mpishi wa kijiji, hakuwangoja. Akapakua mabakuli mawili, yamejaa pomoni kama ya wachimbaji, akawapa wazee wale.

"Kuleni, baba zangu."

Nani angewapokonya?

Tangu siku hiyo wawili wale wakawa washika kamba. Kamba ikitetemeka kidogo tu, hee-ya! Wanavuta. Hakuna tena aliyeachwa chini hali amechoka.

Wanangu, aliyechoka mpeni ruhusa kabla hajaiomba.

Na hadithi yangu nayo imechoka; hapa ndipo inapokaa chini.