Shimo la Mkwe

Bwana afya wa mtaa alikuwa hoi. Viatu vyake vilinuka hata akiviacha nje, mgongo ulimuuma kwa kuinamia mifuniko ya watu, na masikio yalichoka na maneno ya wenye mifuniko hiyo. Halmashauri ilimwajiri kuhakikisha kila nyumba ina shimo la maji taka lisilovuja, ili uchafu usipenye ardhini ukaingia kwenye kisima kilichonywesha mtaa mzima. Kazi hiyo haina shukrani. Mashimo yakiwa mazima hakuna anayekusifu, likivuja moja wewe ndiye mchawi.

Na sasa lilikuwa likivuja moja, wala hakujua ni lipi. Tangu mvua zianze, watu waliugua homa ya matumbo. Binti yake mwenyewe, kitinda mimba wake, alikuwa amelazwa. Akipata nafuu leo, kesho anarudi palepale, na daktari alikwisha kusema mwili ule mdogo hautastahimili zaidi. Bwana afya alitangaza kila mtu achemshe maji, kisha akaanza kumsaka mbaya wao kwa njia aliyoijua: anamimina rangi ya kijani katika choo cha nyumba moja, anasubiri hadi kesho yake, kisha anachota maji kisimani kuona kama rangi imefika. Nyumba baada ya nyumba, maji yalitoka maangavu.

"Leo umekuja kunusa kwa nani?" mama mmoja, fundi cherehani, alimtania alipomwona na ndoo yake. Mama huyo alikuwa amefungiwa choo kwa kushukiwa tu, na wanawe wakawa wanabisha hodi kwa majirani kila tumbo linapowashika.

"Nyumba zimekwisha, dada."

"Zimekwisha? Na ile ya pale juu?"

Bwana afya akajitia hamnazo, akaenda zake.

Ile ya pale juu ilikuwa nyumba ya mama mkwe wake, karibu kabisa na kisima. Tangu aoe, hakuwahi kuingia ua ule kikazi. Kila mwaka ukaguzi ulipofika, aliipita nyumba hiyo na kusema iko salama. Angeanzaje? Mwanamume mzima ainame kuchungulia choo cha mama aliyemzaa mkewe? Afadhali ardhi ipasuke immeze.

Jioni, wodini, mkewe alimtazama kwa macho yaliyokosa usingizi.

"Umepima zote?"

"Zote."

"Na kwa mama?"

"Pale ni kwa mkwe wangu. Mambo mengine hayafai."

"Baba watoto," mkewe alisema kwa sauti ya mtu asiye na nguvu ya kugomba, "huyu mtoto amebaki mifupa mitupu. Heshima yako ndiyo itakayomponya?"

Asubuhi akapiga hodi kwa mkwe, macho chini. Alizungukazunguka kwa maneno, akasifu maua, akauliza hali ya miguu, hata mama mkwe akamwonea huruma.

"Sema tu, mwanangu. Unataka kuliona shimo."

"Ndiyo, mama. Unisamehe."

"Shimo langu halina neno. Tangu marehemu alichimbe halijajaa, wala gari la kunyonya halijakanyaga hapa. Wenzangu wanahangaika, mimi nimekaa raha mustarehe."

Bwana afya aliinua macho kwa mara ya kwanza. Shimo lisilojaa ni shimo linalovuja. Hilo aliwaambia watu kila siku. Na majigambo hayo ya mkwe aliyasikia mara nyingi wakiwa mezani, akacheka pamoja na wengine, maana mkwe akisema, wewe unacheka. Akamimina rangi chooni.

Kesho yake ndoo ya kwanza kisimani ilitoka kijani kibichi. Majirani waliitazama ndoo. Hakuna aliyemtukana, na yeye aliona afadhali wangemtukana. Akasema mwenyewe, mbele ya wote, kwamba shimo ni la mkwe wake na kwamba yeye ndiye aliyelipita miaka yote. Akageuka kumwambia mama mkwe kuwa choo chake kinafungwa, akamkuta ameketi chini, amejishika kichwa.

"Mwanangu," mama alisema kwa shida, "mjukuu wangu aliyakataa maji ya hospitali. Anasema yananuka dawa. Kila jioni nampelekea chupa ya maji ya hapa kisimani. Siyachemshi, maana ya kuchemsha hayapendi."

Bwana afya hakujua alifikaje hospitali. Chupa ilikuwa kando ya kitanda, imebaki nusu. Aliichukua akaimwaga kwenye sinki. Muuguzi alimwambia kwamba mtoto akiyaacha maji yale, dawa zitapata nafasi ya kufanya kazi yake.

"Baba, hayo ni ya bibi," mtoto alisema kwa sauti ndogo. "Bibi amekosa nini?"

"Bibi hajakosa, mama. Aliyekosa ni baba yako."

Akaketi ukingoni mwa kitanda, yeye aliyepekua vyoo vya mtaa mzima akimtafuta adui, akalia bila kujificha. Ama kweli, kikulacho ki nguoni mwako.