Midomo ya Mama Pimbi

Paukwa!

"Pakawa!"

Pakawa na nini?

"Wewe ndiye ujuaye!"

Pakawa na kiu. Sogeeni. Ngano hii ni ya huzuni, atakayecheka nitamtoa nje.

Hapo kale mvua ilikataa kunyesha, likabaki bwawa moja tu. Ndani yake alilala Kiboko, peke yake, tumbo limejaa maji. "Atakaye maji anishinde bao," akasema. "Bao moja kwa siku. Akishindwa, aende zake mkavu."

Mama Pimbi, mnyama mdogo wa majabalini, asiyetosha hata kuwa kofia ya Kiboko, alikuwa na mtoto mmoja, Kidoti. Mtoto amelegea kwa kiu. Mama akaenda.

Kete zikalia to, to, to. Kiboko akala, Pimbi akala. Jua likainama. Mwishowe Kiboko akazifagia kete zote. "Kwa, kwa, kwa! Nenda mkavu, mama!"

Nyumbani Kidoti akauliza, "Mama, umeleta maji?"

"Nimeleta kosa, mwanangu."

Akachimba vishimo, akaweka vijiwe, akalirudia bao lote, kete kwa kete. Akaliona kosa. Kila alipohesabu, midomo yake ilicheza: moja, mbili, tatu. Kiboko alikuwa akiisoma.

Kesho yake akaibana midomo. To, to, to. Bao likawa gumu, Kiboko akatoka jasho. Lakini Pimbi akamkumbuka mtoto, akafanya haraka, akaivunja nyumba yake, lile shimo lenye akiba ya kete, kabla ya wakati. "Kwa, kwa, kwa! Nenda mkavu, mama!"

"Mama, umeleta maji?" Sauti ilikuwa ndogo sasa.

"Nimeleta kosa la pili, mwanangu. Hili ni zuri kuliko la jana."

Akavirudia vijiwe vyake, huku analia.

Siku ya tatu Kidoti hakuuliza kitu. Mama akamlamba kipaji cha uso, akaenda.

To, to, to. Katikati ya bao, Pimbi akaanza kuchezesha midomo. Moja, mbili, tatu, nne. Midomo ilihesabu kulia, macho yakahesabu kushoto.

Kiboko akatabasamu. "Hujajifunza tu, mama?"

"Mimi mjinga, Bwana Kiboko. Naomba tu usivunje nyumba yako ukanila huku kulia."

Loo! Kiboko kusikia neno kula! Akaivunja nyumba, akazimwaga kete zote, to, to, to, ya mwisho ikaangukia shimo tupu, zamu yake ikaisha. Pimbi akala kushoto. Akala tena. Akala mpaka Kiboko hana hata moja.

Kiboko akaona aibu, akatoka bwawani. Wanyama wote wenye kiu waliokuwa wakitazama wakajitupa majini, chubwi, chubwi! Pimbi akajaza kibuyu, akakimbia.

"Kidoti! Nimeleta maji!"

Kidoti hakujibu. Mama akamdondoshea tone midomoni, kisha tone jingine. Midomo ile haikucheza.

Funzo la ngano? Ukihesabu kete, funga mdomo. Najua, najua, aliyeshinda aliufungua. Ndivyo alivyonifunza bibi yangu, nami nawapa hivyo hivyo. Kuhusu Kidoti msiniulize. Nilimuuliza bibi, akanyamaza.

Ngano yangu imeishia hapa. Tamu yake chukueni, chungu yake niachieni mimi. Haya, nendeni mkanywe maji.