Mbwa Bonge na Mlio wa Gamba

"Ko!"

"Tupo!"

Vizuri. Kila nikigonga gamba hili nanyi mkaitikia "tupo", bakuli la karanga linapita. Tegeni masikio, ngano inabisha mlangoni.

Zamani, mwaka wa kiangazi kikali, nyika nzima ilibaki na kisima kimoja, na Mbwa Bonge akakikalia. Enzi hizo Mbwa hakuwa wa mtu. Ajaye kunywa, ngwaf, analiwa. Wanyama wakaacha kuja, naye akaogopa kuondoka asije akanyang'anywa. Maji tele, tumbo tupu. Ndiyo tamaa hiyo.

Bi Nguchiro, kanyama ka kuenea kapuni, alikuwa na watoto watatu, ndimi zimewakauka. Alipanda mwamba ulio juu ya kisima, akiwa na gamba la konokono na mifupa ya nyati aliyekufa kwa kiu. Ko! Akatupa mfupa. Kesho yake, ko! Mfupa. Keshokutwa, ko! Mfupa haujaruka, mate ya Mbwa chururu.

"Tupo!"

Haya, chukueni karanga, lakini msinikatize.

Siku ya nne Nguchiro alinyamaza. Mbwa akabweka, kimya. Akaruka, kimya. Akachoka, akakaa kitako. Ko! Mfupa. Mbwa akawaza, akainuka, akakaa tena. Ko! Mfupa. Kesho yake gamba halikulia mpaka akae hatua tano mbali na maji. Kisha kumi. Kisha kule kwenye kichuguu, kisogo kisimani. Siku nyingine ko ililia bila mfupa, na kesho yake Mbwa akakaa wima zaidi. Hakuchapwa hata ufito mmoja. Mimi hapo mwili hunisisimka: jitu lile, linaongozwa na mlio tu.

Naye Mbwa akajigamba kwa Kunguru kwamba amemfunza Nguchiro. Yeye akikaa tu, kale kadogo kanamletea chakula.

Siku moja mtoto mkubwa alimshika mama yake mkia.

"Mama, mifupa imekwisha. Leo tutampa nini?"

"Tutampa ko."

Nguchiro akashika gamba. Mbwa alikuwa ameshakaa kichuguuni, anangoja. Ko! Akatulia, mate chururu. Watoto watatu wakateremka kwanza, wakanywa gu-gu-gu. Wakaja swala, wakaja pundamilia, gu-gu-gu. Ko! Mbwa hakugeuka. Hakuna aliyecheka siku ile. Walimtazama yule mama juu ya mwamba, wakaogopa kidogo.

Ngano yangu imekunywa, imekata kiu, naifunga hapa. Funzo lake ni hili: mbwa ni mjinga, hufunzwa kwa mlio na kitafunwa. Mwanadamu ana akili zake, haitikii kitu kisicho na faida.

"Ko!"

"Tupo!"

Na karanga zilikwisha tangu Nguchiro aliponyamaza siku ya nne.