Fundo la Mbonde

Fundo la kiangazi halifunguki masika. Leo mmeambiwa mloweke kamba ndooni, mfunge fundo, kisha mlifungue likiwa bado limelowa. Mkanuna kana kwamba mmeambiwa mchote mto kwa kijiko. Mkatupiwa methali hiyo, nanyi mkauliza imetoka wapi. Basi kaeni. Chimbuko lake ni hili, na si la kuchekea.

Kando ya Rufiji palikuwa na kijiji cha wakulima wa mpunga, na hapo aliishi Somoe na mumewe Mbonde, fundi wa kujenga madungu, vile vibanda vya miguu mirefu vya kulindia mashamba. Hawakujaliwa mtoto. Walikuwa na mbwa mmoja mwekundu, mkali kwa nguruwe, aliyeitwa Tutaonana. Jina hilo Mbonde alimpa makusudi, kumkera jirani aliyemtishia kesi ya mpaka. Somoe alimpenda mbwa yule kupita kiasi, na majirani walimsema kwa hilo.

Mwaka mmoja kamati ya mafuriko ikapanga jambo jema. Katika mafuriko yaliyotangulia watu waliokoka, lakini mbwa na paka walizolewa, na mwaka mzima nguruwe na panya wakala mpunga watakavyo. Safari hii Mbonde akajenga dungu pana la wanyama. Habari za maji zikija, kila mtu amfunge mnyama wake pale juu. Mitumbwi ivushe watu na zana kwanza, kisha irudi kuwachukua wanyama. Mbonde akawafundisha wote fundo lake la katani, ambalo hakuna mbwa angeweza kujinasua nalo.

"Tulichovye majini tulijaribu," akasema Mketo, mpiga pondo wa mtumbwi wa kijiji.

Mbonde akacheka. "Mketo, mimi nafunga mitumbwi tangu hujaingia jandoni. Leo unijaribie fundo langu?"

Watu wakaangua kicheko. Somoe ndiye aliyecheka kwa sauti kuliko wote, kwa kuwa mume ni wake na sifa ni zake.

Haukupita muda mrefu, Mbonde akafa kwa homa. Tangu siku ile Tutaonana akaacha kulala nyumbani. Alilala juu ya lile dungu, kwenye pembe ya mashariki, pale Mbonde alipozoea kukaa akisokota kamba. Mara nyingine alitikisa mkia na hapakuwa na mtu. Somoe aliona, akaogopa, asimwambie yeyote.

Habari za maji zilikuja jua la kiangazi likiwa bado linawaka, kwa maana mvua ilikuwa imenyesha mbali, mto unakotoka. Jioni kila mtu akamfunga mnyama wake kwa kamba kavu, fundo la Mbonde. Watu wakavushwa hadi kilimani pamoja na majembe na mapanga yote, kama ilivyopangwa. Usiku mvua ikashuka kijijini. Kulipopambazuka Somoe na Mketo wakarudi kuwachukua wanyama.

Ukungu ulikuwa mzito. Maji yalikuwa yamefunika njia, visima na makaburi, na hayakutoa sauti yoyote. Somoe alitega sikio asikie mbwa wakibweka. Kimya. Mbwa kumi na wawili na paka watano, na hakuna hata mmoja aliyelia. Ndipo dungu likajitokeza. Mbwa wote walikuwa wamesimama ndani ya maji hadi tumboni, paka wameparamia nguzo, na wote walitazama upande mmoja, pembe ya mashariki. Pale hapakuwa na kitu. Tutaonana alikuwa akitikisa mkia.

"Fungua upesi, shangazi," Mketo akanong'ona, ingawa hapakuwa na wa kufichwa.

Somoe akashika fundo. Katani ilikuwa imevimba, imekaza kama mti. Akavunja kucha. Akajaribu lingine, na lingine.

"Nipe panga!"

"Mapanga yote yako kilimani, shangazi."

Akauma kamba kwa meno hadi fizi zikatoka damu. Kamba ya paka mmoja, iliyokuwa nyembamba, ikakatika, akamrusha mtumbwini. Zilizobaki zilikuwa nene, na maji sasa yalikuwa yamefika vifuani mwa mbwa. Ndipo Somoe akaigeukia ile pembe.

"Mume wangu, kama uko hapo, njoo ufungue ulichotufundisha kufunga."

Mbwa wote wakageuza vichwa kwa pamoja, polepole, kana kwamba wanamfuata kwa macho mtu anayetembea, kutoka ile pembe hadi aliposimama Somoe. Baridi ikampita begani. Fundo halikufunguka.

Nguzo zikaanza kulia. Mketo akamkumbatia kiunoni, akamburuta hadi mtumbwini.

"Tutaonana!" Somoe akapiga kelele. "Tutaonana!"

Mketo hakujua kama anamwita mbwa au anamuaga, na Somoe mwenyewe hakujua.

Maji yalipopungua, dungu lilikuwa limeinama lakini halikuanguka. Vitanzi vyote vilivyobaki vilikuwa bado nguzoni, havikukatwa, mafundo yamekaza vilevile, na ndani ya vitanzi hamna kitu. Wengine walisema ni mamba. Lakini mamba hukata, havui kamba shingoni. Mjadala huo haujaisha hadi leo.

Jua lilipowaka siku tatu mfululizo, Somoe akaenda kule peke yake. Akagusa fundo alilomfungia Tutaonana. Likafunguka kwa vidole viwili. Akagusa la pili, vilevile. Akayafungua yote kumi na sita, moja baada ya jingine, akilia kwa sauti bila aibu. Mketo akamkuta hapo.

"Usijilaumu, shangazi. Marehemu alitufundisha fundo zuri."

"Zuri kabisa," akasema Somoe. "Nawe ulitaka tulichovye majini, nikacheka kuliko wote. Fundo la kiangazi, Mketo, halifunguki masika."